Mkono wa Kufunga Kisima

Tulikwenda kwa wazee wetu huku tunacheka. Katika yote yaliyotokea, hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Siku ya Kuzima huja mara moja katika miaka thelathini, na ina taratibu zake. Rika la vijana hupanda hadi upande wa Mashariki na fimbo za mianzi, hugonga lango la wazee kwa makelele na matusi ya utani, na wazee huwamwagia maji ya uvuguvugu kutoka juu ya ukuta. Ukimwagiwa hukimbii. Unafungua koti, unainua uso, unapokea, maana katika baridi hii yetu hakuna baraka kubwa kuliko maji ya moto kifuani. Kisha lango linafunguliwa, mlinzi wa kisima anakifunga kisima cha Mashariki kwa mkono wake mwenyewe, na vijana wanashuka kufungua cha Magharibi, kilichopumzika tangu walipokuwa watoto. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na mbili na mgongo wa kuuma, lakini kwa hesabu za huku Rungwe nilikuwa bado kijana mpaka asubuhi ile.

Mchezo huu tunaufundisha watoto tangu chekechea. Wanagonga mlango wa darasa, mwalimu anawarushia maji ya kikombe, wote wanafungua vikoti vyao kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyehitaji kufikiri.

Mdogo wangu Gwakisa ndiye aliyeongoza msafara, na mchumba wake Atupele alikuwa kando yake. Atupele alijaliwa sauti kubwa na mdomo usio na adabu, na siku ile adabu ilikuwa likizo.

"Wazee, tokeni!" alipiga kelele akigonga lango. "Mmeoga miaka thelathini, bado mnanuka! Zamu yetu!"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Juu ya ukuta akatokea Bibi Sekela, mwalimu aliyetufundisha sote kusoma, ameshika mpira mnene wa maji kwa mikono miwili. Yeye hakucheka. Atupele akafungua koti lake la kwanza, na la pili, akainua uso.

Maji yale yalikuwa yametoka moja kwa moja kisimani. Maji ya chini ya ardhi yakiwa yamebanwa ndani ya bomba hayachemki hata yakiwa na moto mara mbili ya ule wa sufuria. Yakiachiwa hewani ndipo yanapolipuka kuwa mvuke. Wingu jeupe likatufunika, na kelele zake zikameza mayowe. Waliokuwa nyuma wakadhani baraka imeanza. Wakasukumana kwenda mbele huku wanafungua vifungo.

"Rudini!" nililia. "Rudini nyuma!"

Wengine wakacheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Tulipomburuta Atupele nje ya wingu, ngozi ya mikono yake ilibaki kwenye glavu zangu. Alikuwa anaona, anajua, na anamwita Gwakisa kwa jina la utani ambalo sikuwahi kulisikia. Alikata roho kabla ya adhuhuri, na wengine watano walimfuata. Gwakisa alimfunika kwa yale makoti mawili aliyoyafungua Atupele mwenyewe, akavifunga vifungo vyote, kimoja kimoja, mpaka shingoni.

*

Nilirudi langoni peke yangu, mikono juu. Nilikuwa nimechaguliwa kuwa mlinzi wa kisima cha Magharibi, na mlinzi wa Mashariki alikuwa baba yangu mzazi, Ambakisye Mwaijande. Kama kulikuwa na watu wawili wa kuzungumza, ndio sisi.

Alifungua kidirisha cha lango. Alikuwa amezeeka tangu wiki iliyopita.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeungua?"

"Mmeua watoto wenu, Baba."

Akafumba macho. "Nilimwambia Sekela arushe hewani, awatishe mrudi. Presha ilimzidi. Mikono yake inatetemeka, unamjua."

Nilimwamini, na kumwamini kukanizidishia hasira.

"Funga kisima."

"Nikifunga, tunakwenda wapi?"

"Magharibi, na sisi. Kama walivyofanya babu zetu."

"Babu zako walibaki wazee arobaini. Sisi tuko zaidi ya mia tatu. Bomba la Magharibi nalijua. Lina joto la kuwatosha ninyi, watoto wenu na mabanda ya viazi, basi. Sisi tutalala koridoni." Akasogeza uso karibu na kidirisha. "Ulikuwa na miaka kumi na mbili, huenda umesahau. Baba yangu alilazwa koridoni, penye bomba la mwisho, lisilopasha hata kikombe. Kila aliyepita alimruka kwa heshima. 'Samahani, mzee. Samahani, mzee.' Alikufa kabla ya mvua, na hakuna aliyejua alikufa saa ngapi. Tuachieni miaka mitano, Subilaga. Saba ikizidi. Wenzangu wakiisha, nitakifunga kwa mkono wangu mwenyewe."

"Hatuna hiyo mitano na wewe unajua."

Alijua kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyenifundisha. Tangu mataifa ya mbali yalipotandaza Pazia la vumbi angani ili dunia ipoe, yakashindwa kuliondoa, nyanda zetu zimeishi kwa visima hivi viwili tu. Maji yenyewe hatuyapotezi. Tukishachukua joto lake tunayarudisha yote ardhini kupitia mfereji wa marejeo. Joto ndilo halina haraka. Mwamba ukishapoa lazima uachwe upumzike umri wa rika zima, na ule wa Mashariki ulishaanza kupoa, hautoshi tena kutupasha sote kama zamani. Na chini kule, Mashariki na Magharibi vimeunganishwa na ufa mmoja. Ukivuta pande zote mbili kwa pamoja, presha inashuka, na lile ziwa la barafu lililo juu ya mlima linapata njia ya kuingia. Likishaingia, hakuna tena kisima huku wala kule.

"Miaka miwili," nilisema. "Ukibahatika, mitatu. Bupe wangu atakuwa hajafika hata ishirini. Mjukuu wako, Baba."

"Bupe ana mama yake wa kumhangaikia," alisema. "Mimi nina watu mia tatu."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole, kama zamani alipokuwa akinieleza kwa nini siwezi kwenda kuteleza ziwani.

"Tutakuja kukuchukua," nikamwambia.

"Njooni. Ila mjue, nikifa, hiyo koki haifungwi tena na yeyote."

Hakuwa anatia chumvi. Zamani, watu walipokuwa wanauana kugombea koki, waasisi walifanya kila kisima kitii mkono wa mtu mmoja tu. Juu ya gurudumu la koki kuna bamba. Mlinzi analaza kiganja chake, vidole vyote vitano vimenyooka, na bamba linasikiliza joto la damu na mapigo. Bila mkono ule, ulio hai, gurudumu haligeuki. Kuukata hakusaidii, na hilo lilishajaribiwa. Ukivunja bomba ndiyo umekiachia kisima kimwagike angani. Wapo waliouliza, je, mlinzi akifa ghafla? Kwa hilo kila kisima kina mkono wa pili. Mkono wa pili wa Mashariki ulikuwa wa mama. Mama alipofariki, baba alisema ataandikisha mwingine wiki ijayo, na wiki ijayo hiyo ilichukua miaka sita. Sote tulidhani ni majonzi.

*

Gwakisa alikuwa ameketi kando ya Atupele, ana bunduki ya misumari ya mafundi wa mapaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Namtaka Bibi Sekela," alisema. "Baba mchukue wewe."

"Hatuendi kuchukua mtu wa kuua, Gwakisa. Tunakwenda kuchukua mkono."

"Nimekusikia, dada."

Nilipaswa kumnyang'anya ile bunduki. Lakini watu wangenifuata mimi kwa sababu ya cheo, na wangemfuata yeye kwa sababu ya Atupele, nami niliwahitaji wote.

Tuliingia kwa mfereji wa marejeo. Baba alinionyesha njia hiyo nikiwa mtoto, akinifundisha kusikiliza maji yanavyorudi nyumbani, kama alivyokuwa akisema. Tulitembea gizani, tumeinama, maji ya uvuguvugu yametufika kifuani. Mtu mmoja nyuma yangu akaanza kulia taratibu, na nikajua kwa nini. Ndiyo maji tuliyoyafuata asubuhi.

Tulitokea ndani ya nyumba ya kisima, mahali panaponguruma mchana na usiku. Wazee walikuwa wanatazama lango. Walipogeuka, kwa kitambo tulisimama tu tukitazamana, tunachuruzika maji. Asajile, kijana mpole aliyekuwa mbele, alijikuta ana kwa ana na mzee Kasyupa, na mdomo wake ukafanya ulichozoea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu mzee Kasyupa, akampiga spana ya kichwa.

Fuvu la Asajile lilitoa mlio niliousikia juu ya ngurumo yote ile. Baada ya hapo hakuna aliyemsalimu mtu. Sijui niseme nini kuhusu mapigano ya watu wanaojuana kwa majina. Mzee aliyenichongea kigoda cha harusi alinirukia na nondo, nikampiga fimbo ya magoti, akaanguka, nikampiga tena hali keshaanguka. Mwanamke mmoja alimng'ata mpwa wake shavuni mpaka nyama ikatoka. Fimbo zetu za mianzi zilipasuka, tukapiga kwa vipande vilivyopasuka, na hivyo vilikuwa vibaya zaidi. Wazee walipigana vizuri kuliko tulivyotarajia. Lakini pumzi ni pumzi. Walianza kukaa chini mmoja mmoja, wanahema, wengine damu imewajaa ndevuni, na wengi wao hatukuwapiga sisi, walichoka tu.

Bibi Sekela alikuwa amejibanza nyuma ya gurudumu la koki, mikono mitupu. Gwakisa alimwona. Nilimwona Gwakisa akimwona.

"Gwakisa, hapana!"

Baba alikuwa karibu kuliko mimi. Alipiga hatua moja, akasimama kati yao, na misumari mitatu iliyokusudiwa mwalimu wetu ikaingia kifuani kwake.

*

Bunduki ilianguka. Gwakisa alitazama mikono yake kana kwamba ameiazima. Mimi sikuwa na nafasi ya kutazama chochote. Nilimkamata baba kwapani, nikamburuta hadi kwenye gurudumu. Povu jekundu lilikuwa linamtoka puani kila akipumua. Niliweka vidole shingoni mwake. Mapigo yalikuwepo, madogo, yanakimbia.

"Baba, lete mkono."

Akakunja ngumi.

"Baba, tafadhali."

"Siufungui." Alitabasamu, meno yote mekundu. "Mbona hamna subira? Nakufa sasa hivi. Kisima kitabaki wazi. Watu wangu watalala pa moto."

"Na watoto?"

"Watu wangu watalala pa moto," alirudia.

"Subilaga." Bibi Sekela alikuwa amepiga magoti kando yetu, sauti ileile ya darasani. "Mwache. Mwache afe na mkono wake. Mtu huwa na haki ya kitu kimoja."

Ningempenda mtu yeyote ambaye angenisaidia kuamua. Hakuna aliyekuja. Nilijua kwamba nikimwacha, nitakuwa binti mwema kwa miaka miwili, kisha ziwa litaingia na nitamtazama mwanangu akiganda. Na nilijua kwamba nikifunga, kuna wazee mle vyumbani, wengine vipofu, wengine hawajui hata kama kuna vita, ambao bomba lao litapoa leo hii kwa mkono wangu. Baba hakuwa mtu mbaya. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa watu wake. Nilimpenda, na nilimchukia kwa kuniachia kazi ile, na nikaushika mkono wake.

Nilianza na kidole kidogo kwa sababu nilikuwa mwoga. Kikavunjika kirahisi, kwa mlio wa kijiti. Baba akapiga ukelele, na vidole vilivyobaki vikakaza zaidi. Nikavunja kinachofuata. Haikusaidia. Alikuwa ananitazama usoni muda wote, na akaniita, si kwa jina langu, bali "mama," kama wanavyoitwa watoto wa kike huku kwetu wakiwa wadogo. Ndipo nilipogundua kwamba ngumi inashikiliwa na kidole gumba. Nikakishika kwa mikono miwili, nikaweka goti langu juu ya mkono wake, nikakivuta kwa nyuma mpaka kikaachia.

Kiganja kikafunguka. Nikakilaza juu ya bamba na kukikandamiza kwa uzito wangu wote, nikinyoosha vile vidole vilivyovunjika kimoja baada ya kingine. Bamba likanyamaza. Likasikiliza. Likawaka kijani.

"Gwakisa! Gurudumu!"

Hakusogea.

"Gwakisa, yuko hai bado! Geuza!"

Alikuja. Kisima hakifungwi kwa pupa, maana kuta zake za chuma zikipoa ghafla zinapasuka. Unageuza robo, unasubiri, unageuza robo. Mdogo wangu aligeuza, akasubiri, akageuza, machozi na kamasi vinamchuruzika, na mimi nilihesabu mapigo ya baba kwa kiganja changu na kuyaomba yaendelee. Sikuyaomba kwa ajili yake. Hilo nalisema wazi.

Robo ya mwisho ilipokaza, ngurumo ikakoma. Ilikuwa imenguruma tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Masikio yetu yalizibuka, na tukasikia vitu: mtu akijikwaa nje, Asajile akikoroma damu pale sakafuni, bomba likianza kulia kwa kusinyaa. Kutoka vyumbani wakaanza kutoka wazee wengine, wamejifunga blanketi, wanauliza kulikoni kimya.

Baba aligeuza kichwa chake kwangu.

"Mtawalaza wapi?"

"Si koridoni," nilimwambia. "Nakuapia, Baba, si koridoni."

Sijui kama alisikia. Bamba lilizimika taa chini ya mikono yetu.

*

Asajile hakuamka. Tulimzika na baba, Atupele na wengine siku moja, kwa kuwa ardhi ngumu namna ile huichimbi mara mbili.

Niliapa, kwa hiyo nilitimiza. Kila nyumba ya Magharibi iliamriwa kuwapa wazee vyumba vya ndani, penye bomba la kwanza, na sisi tukahamia koridoni na watoto wetu. Haikuwa nzuri kama inavyosikika. Nyumba nyingine ziliwapokea. Nyingine ziliwafungia milango kwa sababu ya wafu wao, na ilinibidi kuivunja milango hiyo kwa nguvu, na mtu mmoja nilimchapa mbele ya wanawe. Kuna wazee walioona nyuso za wenyeji wao, wakapanda ziwani wenyewe bila kuaga. Wale wasioweza kutembea ndio waliotusamehe upesi, au walijifanya.

Bibi Sekela anakaa kwangu, kwenye chumba nilichokuwa nalala mimi. Hakuna nyumba nyingine iliyomtaka. Anakunja blanketi lake kila asubuhi, anaweka mikono yake inayotetemeka mapajani, na anangoja. Nikipita nasema shikamoo, anajibu marahaba, na hatujawahi kuzidisha hapo. Gwakisa hajakanyaga nyumbani tangu siku ile. Analala kwenye banda la viazi, na bunduki aliizika yeye.

Kisima cha Magharibi tulikifungua mchana, bila ngoma. Nililaza mkono wangu juu ya bamba jipya, baridi yake ikanipanda mpaka kwenye kiwiko, likasoma damu yangu na kunikubali kwa miaka thelathini. Kisha nikamwita Bupe. Ana miaka kumi na sita na miguu mirefu ya babu yake. Sikutaka kusikia habari ya wiki ijayo.

"Weka mkono wako juu ya wangu," nilisema. "Wewe ndiye mkono wa pili. Lakini wa pili haupokelewi mpaka wa kwanza ufe, na huenda nisife kwa wakati."

Akaweka. Kiganja chake kilikuwa na joto.

"Siku ikifika nikwambie ufunge, mama, utafunga?"

"Nitakataa."

Akacheka kidogo, akidhani namtania. Kisha akaacha.

"Nitakuwa mzee," nilimwambia. "Nitakuwa naona baridi kuliko sasa, nitakuwa na watu wangu wa kuwatetea, na nitakuwa na sababu nzuri sana. Nitaongea kwa upole. Usinisikilize, na usinibembeleze. Nikikunja ngumi, usianze na kidole kidogo, utanitesa bure. Anza na gumba."

Aliutazama mkono wangu uliokuwa chini ya wake, akaupapasa taratibu mpaka akakipata kidole chenyewe, akakishika.

"Sawa, mama," alisema, na tukafungua kisima.